Mwanga wa Kutunga Uzi

Mume wangu alinishika mkono mlangoni mwa pango, mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, nami nikajiona malkia. Nyuma yangu nilisikia watu wakiguna. Fundi wa vifungo, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba kuna walioolewa na kuna waliopewa tu mtu wa kukaa naye nyumba moja. Tukacheka. Mume wangu akaukaza mkono wake katika wangu, tukaingia ndani.

Acha niueleze huo mkono. Kwa miaka yote ya ndoa yetu mume wangu hakuwa mtu wa kushikana mikono. Alikuwa mtu wa kutangulia. Tukitoka pamoja, yeye yuko mbele na shati lake limepigwa pasi, mimi niko nyuma nahema na kikapu, na tukifika tuendako ananiuliza mbona nimechelewa. Kisha, tangu mvua za mwaka jana, akabadilika. Jioni tukitoka kwenda kwa dada yangu, au dukani tu pale mtaa wa pili, ananyoosha mkono, ananishika, tunakwenda mwendo mmoja kama wachumba. Sikumuuliza kitu. Mwanamke wa umri wangu akiletewa mapenzi hadi mlangoni haulizi yametoka wapi. Nilianza hata kupaka mafuta viganja vyangu kabla ya kutoka, maana mikono ya fundi wa nguo ina vidonda vya sindano, na sikutaka aguse ukurutu akakumbuka anamshika nani.

Kiwanda chetu kinashona sare za shule, za wauguzi, za walinzi. Mimi nashona kola. Mume wangu ndiye dereva wa basi la kiwanda. Asubuhi anatuokota vituoni, mchana anapeleka mizigo ya sare, jioni anaturudisha majumbani. Wafanyakazi wamembandika jina la Kobe, kwa sababu siku hizi anaendesha polepole hadi baiskeli zinatupita na waendeshaji wanatupungia. Wala hakasiriki. Anasema hajawahi kusikia kobe ametajwa kwenye habari za ajali. Ndivyo alivyo, mtu wa mzaha. Akikohoa tu kusafisha koo, watu wanaanza kucheka kabla hajasema neno.

Kuna jambo jingine la kiwandani kwetu ambalo mgeni hawezi kulijua. Jioni hatufungi kazi kwa saa ya ukutani. Msimamizi wetu, mama mnene mwenye miwani mbili, moja ya machoni na moja ya kichwani, husimama dirishani na kutunga uzi kwenye sindano bila kuwasha taa. Uzi ukiingia, tunaendelea. Ukikataa, tunafunika vyerehani. Tunauita mwanga wa kutunga uzi, na hakuna anayebishana nao. Lakini mwaka huu Kobe alikuwa amezoea kuja kugonga dirisha kabla ya msimamizi hajasimama. Alisema basi lake limezeeka, injini haipendi baridi ya jioni. Tulifurahi kwenda nyumbani mapema. Nani angelalamika?

Safari ya pangoni ilikuwa ya msimamizi. Tulikuwa tumemaliza mzigo mkubwa wa sare za wauguzi, akasema tunastahili kutoka siku moja, tukaone kitu ambacho hakina pindo. Pango lenyewe liko milimani, na barabara ya kulifikia inapanda kwa kona, upande mmoja mlima, upande mwingine hewa tupu. Asubuhi ile jua lilikuwa kali. Nilikaa kiti cha nyuma ya dereva kama kawaida yangu, nikiitazama shingo ya mume wangu na kola niliyoishona mwenyewe. Alipanda kona zile kwa utaratibu, akipiga honi kila mahali. Kwenye kona moja lori lilitupigia honi ndefu, likapita karibu mno, watu wakapiga kelele. Yeye akasafisha koo na kusema lori lile limetuonea wivu. Tukacheka, safari ikaendelea.

Ndani ya pango kulikuwa na baridi na harufu ya udongo uliofungiwa. Taa zilikuwa ndogo, za manjano, zimefichwa chini nyuma ya mawe ili zisiharibu uzuri, na ngazi, zenye chuma cha kushikia pembeni, zilikuwa zimelowa. Mwongozaji wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mikwaruzo, alitutangulia akitutajia mawe kwa majina. Lile pale juu ni Pazia. Haya mawili ni Mawifi, angalieni yalivyonuniana. Yale membamba yanayoning'inia darini yanaongezeka kwa tone la maji, akasema, na hakuna aliyepo hapa atakayeona tofauti. Watu waliinua vichwa wakasema lo. Mume wangu naye akasema lo, lakini amechelewa kidogo, na uso wake haukuwa umeinuka. Nikadhani anamkebehi yule mama.

Tulifika kwenye ukumbi mkubwa, dari lake liko mbali juu yetu. Mwongozaji akasimama karibu na kisanduku cha swichi.

"Sasa nitazima taa zote," alisema. "Kila mtu asimame alipo, ashike chuma. Hapa mtaona giza ambalo hamjawahi kuliona tangu mzaliwe."

Swichi ikalia. Sina maneno mazuri ya giza lile. Usiku wa nyumbani una nyota, una mwanya wa mlango, una taa ya jirani. Hili halikuwa na kitu. Niliinua mkono wangu mbele ya macho nikautikisa, na sikuona mkono. Mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Fundi wa vifungo alinyamaza, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Kila aliyekuwa karibu nami alijisogeza na kushikamana na mwenzake, nami kwa mkono wangu wa pili nikamng'ang'ania mume wangu.

Na katikati ya kimya kile, mume wangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, mama, zima basi hizo taa. Tunasubiri."

Watu walilipuka. Kicheko kiligonga kuta, kikarudi, kikagonga tena. Fundi wa vifungo alicheka hadi akapaliwa. Sauti ya mwongozaji ikasema kutoka gizani kwamba kila kundi lina mchekeshaji wake. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa katikati ya kucheka pale kicheko kilipokatika chenyewe, kama uzi uliovutwa vibaya.

Hakuwa amesafisha koo.

Nimelala kando ya mtu huyu miaka mingi, najua mzaha wake unavyokuja. Unatanguliwa na koo. Kisha anacheka yeye wa kwanza, kidogo, puani. Safari hii hakucheka. Nilihisi bega lake likigeuka huku na huku. Halafu akainamisha kichwa hadi sikioni kwangu.

"Wanacheka nini?" aliniuliza.

Giza lilipoingia kila mkono ulishtuka, wangu ukiwemo, lakini wake haukushtuka. Ulikuwa umenikaza vilevile tangu mlangoni, wala haukuongeza nguvu wala kupunguza. Kwake hakuna kilichobadilika. Taa zilipokuwa zinawaka na taa zilipozimwa, kwa mume wangu lilikuwa giza moja.

Nilijiambia hapana. Nilijiambia anatania, amebuni namna mpya. Taa zikawashwa, watu wakapepesa macho na kupongezana kama waliorudi kutoka mbali. Nikautoa mkono wangu kutoka kwenye wake, taratibu, nikasogea kando bila kufanya sauti. Nikasimama pale nikimtazama. Alikuwa anatabasamu kuelekea mahali nilipokuwa. Mkono wake ulipapasa hewa, ukatafuta chuma cha ngazi, na chuma kilikuwa palepale, mbele yake, kinang'aa kwa maji. Alikikosa mara ya kwanza. Alipokipata akakishika kwa mikono yote miwili.

"Mama watoto," aliita kwa sauti ya chini, akiwa ameelekea hewani. "Uko hapo?"

Nikarudi nikampa mkono. Ningefanya nini?

Sikumbuki mawe mengine yaliitwaje. Nilipanda ngazi nikiwa nimemshika, na kila ngazi nilikuwa naiona ile barabara, kona baada ya kona, na lori lile, na wenzangu wakiwa wameegesha vichwa vyao kwenye vioo. Fundi wa mifuko ananyonyesha. Msimamizi ana mama mzee anayemngoja chumbani. Nilikuwa naona pia vitu vidogo vya nyumbani vikijipanga vyenyewe: alivyofoka siku niliyohamisha stuli, alivyoacha kunimiminia chai usiku, alivyokuwa akingoja niondoke kitandani kwanza alfajiri ili afuate sauti ya miguu yangu. Nilikuwa nimevigeuza vyote kuwa uzee, au uvivu, au mapenzi. Na ule mkono, mkono niliokuwa naupakia mafuta, ulikuwa unatafuta fimbo. Nilikuwa fimbo mwaka mzima na nilikuwa najipamba.

Tulipotoka nje jua lilitupiga usoni. Mume wangu akanyoosha mgongo, akaniachia mkono papo hapo, akatangulia kwenda kwenye basi kwa hatua ndefu. Sikuwa nimewahi kuligundua hilo pia, kwamba mchana hanishiki.

Wenzangu walitawanyika uwanjani kula na kupigana picha. Nilimfuata hadi nyuma ya basi, upande wa mlima, ambako hakuna aliyetuona. Alikuwa anapangusa kioo cha nyuma kwa kitambaa. Nikamwambia mle ndani hakuwa anatania. Akaendelea kupangusa.

"Mchana naona," alisema hatimaye. "Mchana naona vizuri."

Nikamuuliza ni tangu lini. Tangu mvua za mwaka jana, akasema, au kabla yake kidogo. Alikuwa amekwenda kwa daktari bila kuniambia. Daktari alimweleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, unaanza na usiku, kisha unakula macho kutoka pembeni kuja katikati, na dawa yake bado haijapatikana. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza hitilafu ya gari la jirani. Nikamuuliza kama alimwambia daktari kazi anayofanya.

"Nilimwambia mimi ni seremala."

Nilishika mlango wa basi. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na wakati huohuo nilitaka kumfuta vumbi begani. Alisema tukiondoka sasa hivi tutafika jua likiwa bado lipo. Barabara anaijua, kona zote amezikariri. Kesho mwenyewe atakwenda kwa msimamizi kuacha kazi, anachoomba ni kuturudisha salama leo tu, ashuke kwenye kiti kile kama dereva, si kama mzigo. Hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Macho yake yalikuwa yananitazama sawasawa, mazuri, meusi, hayana hata doa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Na mkono?" nilimuuliza.

"Mkono gani?"

Hakuelewa. Nilisubiri aelewe, na niliona kwenye uso wake kwamba anatafuta kwa bidii nimemaanisha nini, na hapati. Nikamwambia basi, si kitu.

Ilikuwa rahisi kudanganya. Ningesema tumbo limemkamata, tukatafuta dereva mwingine, na heshima yake ikabaki ndani ya shati lake. Hatua chache za kwanza kuelekea kwa msimamizi nilizipiga nikiwa na uongo huo tayari mdomoni. Lakini tumbo linapona. Jumatatu asubuhi angekuwa kituoni na injini inanguruma, na mimi ningepanda, nikakaa nyuma yake, nikaitazama kola. Najua ningepanda. Miaka yote nilikuwa nimepanda basi la mume wangu bila kuangalia barabara.

Msimamizi alikuwa anamenya yai. Nikamwambia mbele ya kila mtu, kwa sababu nilijua nikimvuta pembeni sitasema. Nilisema mume wangu haoni gizani, kwamba hakuwa anatania pangoni, kwamba mchana nao macho yake hayako kamili, na kwamba asiruhusiwe kutushusha mlimani.

Ganda la yai lilikuwa limebaki kwenye vidole vya msimamizi. Fundi wa mifuko akamchukua mtoto wake, aliyekuwa amelala salama mgongoni mwa mwenzake, akamkumbatia. Kisha fundi wa vifungo akasema polepole, bila kumwambia mtu, "Lile lori." Wote tukaliona tena lile lori. Mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Nilingoja watukane, na wangekuwa na haki, lakini hawakutukana.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. Alikuwa amesikia yote. Alipanda, akafunga vioo kimoja kimoja, akakunja kitambaa chake akakiweka mahali pake, akashuka, akamkabidhi msimamizi funguo. Hakuniangalia. Alisema tairi la nyuma la kushoto lijazwe upepo kabla basi halijateremshwa. Ndivyo alivyoliaga basi lake.

Mwongozaji alituambia basi la wafanyakazi wa pango huteremka wanapofunga, na viti vipo. Tukangoja. Dereva wake alikuwa mwanamume mkimya ambaye hakujua lolote kutuhusu, na tulipanda kwa utulivu hadi akauliza kama tunatoka msibani. Mume wangu alikaa dirishani, mimi pembeni yake. Nilikuwa sijawahi kukaa naye hivyo ndani ya basi, bega kwa bega, kama abiria. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Kila kona ilipokaribia, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu.

Tulikuwa tumeteremka kona kadhaa, barabara ikaingia upande wenye kivuli cha mlima. Mume wangu akaegemea mbele.

"Mwambieni dereva awashe taa," alisema. "Barabara hii ni hatari gizani."

Hakuna aliyecheka.

Nilitazama nje. Jua lilikuwa limejificha nyuma ya kilele, lakini mbingu ilikuwa nyeupe, na ng'ambo ya bonde niliona mbuzi, na kengele shingoni mwa mbuzi. Niliiona kola ya mume wangu mshono kwa mshono. Aliniambia anaona mchana. Aliniambia tungefika jua likiwa lipo. Nilichomoa sindano ninayoichomeka siku zote kwenye ukosi wa gauni langu, nikavuta uzi uliolegea kwenye pindo, nikalamba ncha yake, nikajaribu. Uzi uliingia mara ya kwanza.

Nilipoinua macho, msimamizi alikuwa ameigeukia sindano yangu. Alikuwa ameona. Fundi wa vifungo naye alikuwa ameona, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, yule mwanamke wa maneno. Alijifuta kwa kiganja, akamgeukia dereva.

"Kaka," alisema, "tuwashie taa za ndani, tafadhali."

Dereva akatazama nje kwenye mchana, akatutazama sisi kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanyoosha mkono, swichi ikalia. Balbu za darini ziliwaka hafifu mno, huwezi kujua kama zimewaka usipozikazia macho.

"Sasa afadhali," alisema mume wangu, akaegemea kiti.

Sijui alisema hivyo kwa sababu aliona, au kwa sababu alisikia swichi. Niliirudisha sindano kwenye ukosi. Mkono wake ulikuwa palepale juu ya goti, haunitafuti, nadhani haukuthubutu. Viganja vyangu vilikuwa vikavu, sikuwa nimebeba mafuta. Nikauchukua hivyohivyo.